Kamba ya mita 40

Mzee aliipokea kamba yangu bila kuuliza ni ya nini. Akaipapasa fundo kwa fundo gizani, kisha akasema: "Hii haitafika mbali."

Nilikuwa nimefunga fundo kila baada ya mita 5. Mafundo 8, mita 40. Mwisho wake kulikuwa na chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyojaa maji, kipimajoto kimening'inia ndani, na jiwe la kuizamisha. Unaishusha, unaiacha nusu saa na zaidi mpaka maji ya ndani yapate joto la maji ya nje, halafu unaivuta mbio na kusoma kabla hayajabadilika.

Tulikuwa tumetoka Bukavu jioni, tukaingia Ziwa Kivu, na sasa taa za mitaa ya Nguba na Muhumba zilionekana kama moto wa makaa yaliyotawanyika kilimani. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinaangaza majini, wavu uko chini, na wanaume saba wanangoja sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wapande kwenye mwanga. Kwa hiyo nusu saa ya kusubiri haikumsumbua mtu.

Juu: nyuzijoto 23 na nusu. Mita 40: 23.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia. Ikawa vilevile.

Mzee alicheka kidogo, kwa upole. "Hii ni kipwa, mwalimu. Upepo imekoroga maji yote. Kuja tena mwezi wa tatu, utaona chini inakatala kufanana na juu." Kipwa kwetu ni kiangazi, majira ya upepo.

Wiki sita zimepita tangu usiku ule, na neno la mzee yule bado liko nami, maana lilinirudisha kwenye kimbunga kimoja na jibu nililompa mdogo wangu.

## "Mulale"

Wanaonisoma hapa siku nyingi wanajua mdogo wangu wa kike anaishi Mozambique, nje kidogo ya mji wa Nampula. Jinsi alivyofika huko sina haja ya kuisimulia. Kila familia ya Kivu ina mtu wake aliyefika mahali kwa njia ile ile.

Machi 2022, Kimbunga Gombe kilipita juu ya kaskazini ya Madagascar. Milima ya kisiwa kile ilikichosha. Alinitumia sauti kwa simu, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa, watoto wakipiga kelele nyuma yake:

"Yaya, wanasema upepo imechoka kule Madagascar. Tunaweza kulala?"

Mimi ndiye niliyesoma. Mimi ndiye ninayefundisha jiografia na fizikia. Nilifungua picha ya setilaiti, nikaona mawingu yaliyochanika, yasiyo na jicho katikati. Nikamjibu kwa neno moja, neno ambalo kwetu mkubwa humwambia mdogo ili moyo wake utulie.

"Mulale."

Kimbunga kilitoka Madagascar, kikaingia kwenye Mlango wa Mozambique, na kwa muda usiofika siku mbili kikawa kikali kabisa. Tarehe 11 Machi kilipiga pwani ya Mossuril, katika jimbo lile lile la Nampula, kikaendelea bara. Siku mbili simu yake haikupatikana. Alipopatikana, mabati yalikuwa yamekwenda, ukuta wa jikoni umeanguka, na mtoto wa pili alikuwa na mkono uliovimba kwa sababu mbao ilimwangukia usingizini.

Usingizini. Kwa sababu walikuwa wamelala.

Hajawahi kunilaumu. Na mimi sikuwahi kulitaja jambo hilo tena, mpaka usiku wa ile kamba.

## Makaa na majivu

Baada ya Gombe nilitazama ramani ya joto la bahari kama mtu anayetafuta mwizi. Nikakuta rangi nyekundu mashariki ya Madagascar, nyekundu ile ile magharibi yake, nyekundu mpaka pwani. Ramani haikunieleza kwa nini kitu kilichochoka kilipata nguvu upya.

Somo la darasani ninalijua. Mwaka 1948 mtaalamu wa Finland, Erik Palmén, alionyesha kwamba vimbunga vya aina hii huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzijoto 26 au 27 hivi. Vitabu vingi vimeshika 26.5. Maji yanavukizwa, mvuke unapanda, unageuka wingu na mvua, na kule juu unaachilia joto lililoubeba. Kila kilo ya maji inayovukizwa hubeba joto la juli milioni 2.5. Hilo ndilo kuni za kimbunga.

Lakini ramani yangu ilikuwa inapima ngozi tu. Setilaiti inayotazama joto la bahari huona tabaka jembamba mno la juu kabisa. Haiwezi kuona kama chini ya ngozi ile kuna mita 100 za maji ya moto au mita 20 tu.

Fikiria mbabula, jiko la makaa, ya mama anayepika maharagwe. Makaa ya juu ni mekundu. Ukitazama kwa macho, mbabula mbili zinaweza kufanana kabisa. Moja ina makaa mpaka chini. Nyingine ina safu moja ya makaa juu ya majivu. Tofauti utaijua siku utakapochokoa.

Na kimbunga huchokoa.

Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa. Upepo wa kimbunga hausimami juu ya bahari ukinywa joto lake kwa utulivu. Unaiburuza bahari. Maji ya juu yanakwenda mbio, ya chini yamebaki, na kwenye mpaka wao panatokea msuguano na mchafuko unaovuta maji baridi kuyapandisha. Mwaka 1981 mtaalamu wa bahari, James Price, alionyesha kwamba bahari inayopoa baada ya kimbunga kupita hupoa zaidi kwa sababu ya mkorogo huo, kuliko kwa joto linalochukuliwa na hewa. Nyuma ya kimbunga hubaki njia ya maji yaliyopoa, nyuzijoto moja au mbili, wakati mwingine zaidi sana. Setilaiti huiona kama alama ya nyoka aliyepita vumbini.

Kwa hiyo kimbunga kinaweza kujizimia moto chenyewe. Kikienda polepole, au kikisimama mahali pamoja, kinajikuta kimekaa juu ya maji baridi kilichoyapandisha kwa nguvu zake. Kikienda mbio, kinayaacha nyuma kabla hayajakidhuru.

Isipokuwa pale ambapo safu ya maji ya moto ni nene kwenda chini. Hapo kikikoroga, kinapandisha moto mwingine.

## Mahali penye akiba

Kipimo chenyewe ni cha zamani kuliko mimi. Mwaka 1972 watafiti wawili, Leipper na Volgenau, wakifanya kazi kwenye Ghuba ya Mexico, waliacha kuuliza juu kuna nyuzijoto ngapi. Waliuliza: kutoka juu mpaka kina ambako maji yanafikia nyuzijoto 26, kuna joto kiasi gani kwa jumla? Jibu linaandikwa kwa kilojuli kwa kila sentimita mraba ya bahari. Baadaye 50 ikawa namba ambayo watabiri huitazama kwa makini: pakizidi hapo, kimbunga kina akiba ya kutosha kukua ghafla.

Ghuba ile ndiyo iliyowafundisha, na kwa gharama. Kuna mkondo wa maji ya moto unaoingia kutoka Karibi, unajipinda na kutoka upande wa Florida, na mara kwa mara unaachilia mviringo mkubwa wa maji ya moto unaosafiri peke yake. Ndani ya mviringo huo maji ya nyuzijoto 26 hushuka mita 100 na zaidi, wakati maji ya jirani yanaishia karibu nusu ya hapo. Kwa juu, wakati wa kiangazi chao, yote yana rangi moja. Mwaka 1995 Kimbunga Opal kilipita juu ya mviringo wa namna hiyo, kikakua usiku mmoja kuliko ilivyotazamiwa, na watu wa pwani waliamka asubuhi kukimbia. Mwaka 2005 Katrina nacho kilipita kwenye maji ya mkondo ule kabla ya kufika Louisiana.

Mlango wa Mozambique nao una miviringo yake. Ni mikubwa, kilomita 300 hivi kwa upana, inateremka kusini kati ya Madagascar na bara, michache kila mwaka. Sijathibitisha kwamba Gombe ilikanyaga mojawapo, na sitasema hivyo kwa kuwa tu ingenipendeza. Lakini mwaka 2022 sikujua hata kwamba ipo. Nilikuwa nautazama mlango ule kama beseni moja lenye maji ya joto moja, na juu ya ujinga huo nikamwambia mtu alale.

Upande mwingine, kaskazini mashariki ya Madagascar, kuelekea Ushelisheli na Chagos, kuna jambo lililo kinyume. Kule upepo wa bahari yenyewe huyainua maji baridi mpaka karibu na juu. Ngozi ni ya moto, lakini safu ni nyembamba. Mbabula ya majivu. Na hali hiyo haikai vilevile: kuna miaka ambapo maji ya moto hushuka zaidi, na vimbunga vya eneo lile huongezeka.

Bahari ile ile, msimu ule ule, makaa tofauti.

## Chumvi

Hapa nirudi kwetu kidogo, kwa sababu ziwa letu linafundisha jambo ambalo bahari inalificha.

Tumezoea kusema maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Kivu linakataa. Ukishuka kutoka juu joto linapungua kidogo, halafu, baada ya mita 80 hivi, linaanza kuongezeka tena, mpaka karibu na sakafu, mita 485 chini, ambako maji yana joto kuliko yale tunayooga. Maji hayo hayapandi. Yamebeba chumvi na gesi iliyoyeyuka, ni mazito, na uzito huo umeyafunga chini. Sisi wa Bukavu na Goma hatuhitaji kuelezwa kwa nini tunashukuru yakikaa huko: gesi ile ikipanda ghafla ingetuua.

Kumbe hata baharini si joto peke yake linaloamua nani akae juu. Pale mito mikubwa inapomwaga maji matamu, kama Amazon na Orinoco upande wa Karibi, au Ganges na Brahmaputra kwenye Ghuba ya Bengal, maji hayo mepesi hutandaza kifuniko. Kimbunga kikija kukoroga, kifuniko kinakataa kuchanganyika na ya chini. Bahari haipoi kama ilivyopaswa, na kimbunga kinaendelea kula. Mwaka 2012 mtafiti Karthik Balaguru na wenzake walitoa hesabu: juu ya maji yenye tabaka la namna hiyo vimbunga hukua kwa kasi ya karibu asilimia 50 zaidi. (Mto Kongo nao hutandaza kifuniko chake kwenye Atlantiki, lakini vimbunga havipiti mlangoni pake, na tumshukuru Mungu kwa hilo.)

Niliposoma hayo nilimkumbuka mzee na maneno yake: chini inakatala kufanana na juu. Alikuwa anazungumzia sambaza, kwa sababu upepo wa kipwa ukikoroga ziwa mpaka mita 60 hivi unapandisha chakula, na samaki wanaongezeka. Alijua kwamba uso wa maji hauelezi kina cha mkorogo. Amelijua hilo kwa wavu, miaka yote.

## Wanaopima chini

Watabiri nao wamejifunza kushusha kamba.

Njia ya kwanza inashangaza kwa urahisi wake: maji ya moto hutanuka. Mahali penye safu nene ya maji ya moto, uso wa bahari umeinuka kwa sentimita kadhaa kuliko jirani. Tangu mwaka 1992, setilaiti ya TOPEX/Poseidon na zilizoifuata hupima urefu wa uso huo kwa rada, na kutokana na kinundu hicho wataalamu hukadiria akiba iliyo chini. Rangi ya ngozi ni moja, lakini urefu unasema.

Ya pili ni maboya ya Argo. Yako karibu 4,000 duniani. Kila moja huzama, huelea kwenye kina cha mita 1,000, hushuka mpaka 2,000, halafu hupanda likipima joto na chumvi njia nzima, hutuma habari kwa setilaiti, na kuzama tena. Safari moja huchukua siku 10. Ninapoyafikiria, naona chupa yangu ya plastiki ikiwa na ndugu 4,000.

Kwenye Atlantiki kuna pia ndege. Zinaingia ndani ya kimbunga na kudondosha vipimo, vingine vya hewa, vingine vinavyozama majini vikisoma joto la kila mita. Na modeli za kompyuta, ambazo zamani ziliichukulia bahari kama sakafu isiyobadilika, sasa zinaiacha ipoe kimbunga kinapopita. Modeli moja ya Marekani ilianza kufanya hivyo katika utabiri wa kila siku mwaka 2001. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa inapika juu ya mbabula isiyoisha makaa.

Kwetu, Bahari ya Hindi ya kusini magharibi, watabiri wa kisiwa cha Réunion ndio wenye jukumu la eneo zima, na hawana ndege za kuingia kimbungani kila kinapotokea. Nguvu ya kimbunga hukadiriwa zaidi kwa kusoma sura ya mawingu kutoka angani. Ni kazi ya ustadi mkubwa na ninawaheshimu wanaoifanya. Lakini inanisumbua kwamba watu wa Mossuril na Beira wanapata macho ya mbali, wakati wengine wanapata ndege zinazoingia mpaka kwenye jicho.

## Usiku wa Acapulco

Hapa ndipo nilipokwama, na makala hii ikakaa wiki mbili bila kuendelea.

Nilikuwa nimekwisha kuipanga akilini: kosa langu lilikuwa kutazama juu, dawa ni kutazama chini, basi. Halafu nikakutana na Otis.

Asubuhi ya tarehe 24 Oktoba 2023, Otis ilikuwa dhoruba ya kawaida kwenye Pasifiki, nje ya Mexico. Utabiri wa siku iliyotangulia haukutazamia jambo kubwa. Usiku ule ule, kabla ya kucha tarehe 25, ilipiga Acapulco ikiwa kimbunga cha daraja la 5, la juu kabisa, upepo zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Watu walikuwa kwenye hoteli, kwenye nyumba, kwenye boti. Wengi walikuwa wamelala.

Nchi jirani yake, Marekani, ndiyo yenye ndege, setilaiti na kompyuta kubwa kuliko zote. Ndege moja ilikwenda, na ilipofika ilikuta upepo umeshapita makadirio.

Bahari pale ilikuwa ya moto, ndiyo. Lakini bahari ya moto ilikuwapo pia wiki iliyotangulia bila kimbunga. Akiba ikiwa chini, bado hewa ya juu inaamua kama itatumika. Pepo za juu zikielekea upande mwingine na pepo za chini upande wake, zinakikata kimbunga kichwa. Hewa kavu ikiingia katikati inakifisha. Otis ilikuwa ndogo, na mambo yaliyoamua yalitokea ndani ya kilomita chache, ndani ya saa chache, mahali ambapo vipimo vilikuwa vichache.

Njia ya kimbunga, wapi kitakwenda, watabiri wameiboresha sana miaka 30 hii. Nguvu yake imekuwa ngumu zaidi, na sehemu ya ugumu iko humo: ukubwa wa moto unategemea makaa, na unategemea pia anayepuliza.

Nilihuzunika. Nilikuwa nataka sana bahari iwe jibu lote, kwa sababu kama jibu lote liko baharini, basi kosa langu la Machi 2022 lina jina na lina dawa. Sasa nilibaki na kitu kigumu zaidi: hata ningeijua bahari mpaka mita 2,000, nisingekuwa na haki ya kusema neno lile. Ningeweza kusema, "Kule mbele kuna akiba ya kukirudishia nguvu." Ningeweza kusema, "Kuchoka kwake juu ya milima hakuelezi kitakavyokuwa juu ya maji." Hayo ningeyajua. Na kwa hayo tu wangelala kwenye jengo la shule lenye zege, umbali wa kutembea dakika 20, badala ya chini ya mabati yale.

## Jumapili

Jumapili iliyopita nilimpigia. Nilimweleza yote: ziwa, kamba, mbabula, Otis. Kisha nikamwambia nilichopaswa kumwambia zamani, kwamba siku ile sikujua na nilijibu kama anayejua.

Akanyamaza. Nikasikia mtu anatwanga huko nyuma.

"Nilikuwa ninajua, yaya," akasema. "Ulijibu upesi sana."

Halafu akanisimulia mambo ambayo sikuwa nimeyajua. Kwamba Januari na Machi 2025, vilipokuja vimbunga Dikeledi na Jude, Jude ikipiga Mossuril tena, hakuniuliza kitu. Nilidhani ni kwa sababu siku zile sisi wa Bukavu tulikuwa na usiku wetu wenyewe wa vita, na hakutaka kutuongezea. Kumbe alikuwa ameamua. Alichukua watoto, unga na nyaraka, wakaenda shuleni mchana, kabla redio haijasema mara ya pili. Sasa majirani humtazama yeye: akianza kufunga godoro, nao wanafunga.

Nikamuuliza kama msimu ujao ataniruhusu nimtumie ninachokiona kwenye ramani za urefu wa bahari, si jibu, ninachokiona tu, na pale ambapo sioni niseme sioni.

"Tuma," akasema. "Lakini mimi mchana nitakuwa nimeshafunga godoro."

Mwezi wa tatu nimemwahidi mzee nitarudi ziwani. Nimenunua kamba nyingine, na safari hii ina mafundo 16.